Kumfunza Kilebu Mahali pa Haja: Usafi wa Nyumba na Amani ya Jirani

Katika shehia za Wingwi, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Wilaya ya Micheweni, mbwa hufugwa kwa kazi. Hulinda mihogo, mahindi na migomba dhidi ya tumbili, na usiku hulinda nyumba na mifugo. Wapo pia wakaazi wachache, aghalabu watumishi waliohamia kutoka Bara, wanaofuga mbwa wa asili ndogo, wale ambao hata wakikomaa hawafikii uzito wa kilo 10. Wafugaji wa aina zote mbili hukutana na shida ileile pindi wanapochukua mtoto wa mbwa, yaani kilebu: hajui pa kwenda haja.

Jambo hili huonekana dogo mpaka jirani akanyage kinyesi akielekea msikitini, au mtoto achezee mchanga uliochafuliwa. Hapo linakuwa suala la twahara, la afya na la ujirani mwema kwa wakati mmoja. Makala haya yanaeleza namna kilebu anavyofundishwa kujisaidia mahali maalumu, kwanza karibu na makaazi na baadaye nje, namna ya kuondoa uchafu wake, na kwa nini mafunzo hayo hayakamiliki bila ya chanjo.

Kwa nini kilebu hushindwa kujizuia

Kilebu wa wiki 8 hana uwezo kamili wa kubana mkojo. Misuli inayofunga kibofu bado haijakomaa, na akili yake haijatambua bado dalili za haja kabla haijamtoka. Wafugaji wengi duniani hutumia kipimo chepesi: umri wa kilebu kwa miezi, ukiongezwa moja, ndio idadi ya saa ambazo kwa kawaida anaweza kujizuia akiwa ametulia. Kwa hiyo kilebu wa miezi 2 hawezi kuvuka saa 3, na akiwa macho anacheza huhitaji kutolewa kila baada ya saa 1 au 2.

Kwa mbwa wa asili ndogo kipimo hicho hupungua. Kibofu chake ni kidogo, na chakula husagika upesi kwa sababu mwili mdogo hutumia nguvu nyingi. Kilebu wa aina hii pia hawezi kukaa muda mrefu bila kula, kwani sukari ya mwili wake hushuka haraka na akaweza kulegea na kutetemeka. Anapaswa kulishwa kidogo kidogo mara 3 au 4 kwa siku, na kila mlo huleta haja yake. Mafunzo yake huhitaji subira zaidi. Vilebu wengi huhitaji miezi 4 hadi 6 ili watulie kabisa, na walio wadogo sana wanaweza kuchukua muda mrefu kuliko huo.

Kuna sababu nyengine inayotokana na mfugaji mwenyewe. Mkojo wa mbwa mdogo ni matone machache, na rahisi kupuuzwa. Kosa linalosamehewa kila siku hugeuka mazoea, na kilebu hukua akiamini kuwa kona ile ya ukumbi ndiyo choo chake.

Mahali pa mbwa katika makaazi

Wakaazi wengi wa Wingwi ni Waislamu wanaofuata madhehebu ya Shafi. Katika madhehebu hayo mate, mkojo na kinyesi cha mbwa ni najisi nzito, na kilichoguswa na najisi hiyo hutwahirishwa kwa kuoshwa mara 7, mara moja kati ya hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Kumfuga mbwa kwa ajili ya ulinzi wa shamba, mifugo au kwa uwindaji kunaruhusiwa. Kumweka ndani ya vyumba vya kuishi hakupendezi. Mafundisho hayohayo yanahimiza huruma kwa mnyama huyu, na kisa cha mtu aliyesamehewa madhambi yake kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu kinajulikana na kila aliyepita chuoni.

Kutokana na hayo, neno «ndani» kwa mazingira ya Wingwi lina maana ya ndani ya ua, kwenye banda lililoezekwa, au kwenye kibaraza cha nyuma ambacho hakitumiwi kwa kulia chakula wala kusalia. Familia zisizo za Kiislamu zinazomlaza mbwa chumbani zinaweza kufuata taratibu hizihizi, zikizingatia kuwa nyumba ya kupanga huwa na ukuta mmoja na jirani na njia moja ya kupitia.

Banda la kilebu liwe dogo: atoshe kusimama, kugeuka na kujinyoosha, basi. Kwa silika yake mbwa hachafui anapolala ikiwa ana pengine pa kwendea. Banda likiwa kubwa mno, atalala upande mmoja na kujisaidia upande wa pili, na silika hiyo itapotea. Boksi imara, tenga lililolazwa au kibanda cha mbao chenye kitambaa kikavu kinatosha. Kiwekwe kivulini, mahali penye hewa, na maji safi yawe karibu.

Hatua ya kwanza: choo cha ndani ya ua

Kilebu ambaye hajakamilisha chanjo hapaswi kuzurura mitaani. Kwa hiyo choo chake cha mwanzo kiwe ndani ya ua, hatua chache kutoka bandani. Kinaweza kuwa sinia pana la plastiki au kisanduku kifupi cha mbao kilichojazwa mchanga, udongo mkavu au maranda ya mbao. Magazeti ya zamani pia hutumika, hasa wakati wa masika, ambapo mbwa wadogo huogopa mvua na kukataa kutoka.

Mahali hapo pasibadilishwe kila siku. Mbwa hujua choo kwa pua kuliko kwa macho. Harufu ya haja ya jana humwita leo. Kwa sababu hiyo, mchanga unapobadilishwa, kiasi kidogo kilicholoa kiachwe siku za mwanzo ili kimkumbushe. Na kwa sababu hiyohiyo, pale alipokosea paondolewe harufu yote. Papanguswe kwanza kwa kitambaa au majivu, paoshwe kwa maji na sabuni, kisha papakwe siki iliyochanganywa na maji. Dawa za kusafishia zenye amonia zisitumiwe, kwa kuwa harufu yake hufanana na ya mkojo na humrudisha kilebu palepale. Sehemu inayohitaji twahara itaoshwa kisheria juu ya hayo.

Hatua ya pili: ratiba

Kilebu hujifunza kwa saa. Akilishwa na kutolewa nyakati zilezile kila siku, mwili wake nao hufuata nyakati hizo. Nyakati ambazo haja humjia kwa uhakika ni nne: mara tu anapoamka, baina ya dakika 10 na 30 baada ya kula, baada ya kucheza, na kabla ya kulala.

Kwa jamii ya Wingwi ratiba hiyo haihitaji saa ya ukutani, kwani siku imeshagawiwa na adhana. Mwenye mbwa anaweza kumtoa kilebu alfajiri, kabla ya yeye mwenyewe kutia udhu. Asubuhi baada ya mlo wa kwanza. Kabla ya adhuhuri. Kabla ya alasiri. Kabla ya magharibi. Na baada ya isha, kabla ya kulala. Katikati ya nyakati hizo atolewe pia kila anapoamka au anapomaliza kucheza. Kumshughulikia mbwa kabla ya udhu humpa mtu nafasi ya kunawa na kubadili nguo bila ya pupa, na ni vyema nguo za kazi ya mbwa ziwe mbali na nguo za kusalia.

Usiku, kilebu wa chini ya miezi 3 huhitaji kutolewa angalau mara moja. Atolewe kimya, bila mchezo, na arudishwe kulala. Chakula cha mwisho kiwe mapema jioni. Maji asinyimwe mchana, hasa wakati wa joto la kaskazi.

Baina ya nyakati hizo kilebu achungwe. Dalili za haja hujirudia: huacha mchezo ghafla, hunusanusa chini, huzunguka mahali pamoja, hujitenga kuelekea kona, kisha huchutama. Anayeiona dalili ya kwanza ana muda wa kumpeleka. Anayengoja ya mwisho amechelewa. Pasipokuwa na mtu wa kumtazama, kilebu akae bandani au afungwe kwa kamba fupi karibu na mtu anayefanya kazi, lakini si kwa muda unaopita uwezo wake wa kujizuia.

Tuzo, wala si fimbo

Kilebu apelekwe kwenye choo chake kwa kamba, asimamishwe hapo, na aambiwe neno moja lisilobadilika, kama vile «haja». Akimaliza, asifiwe papo hapo na apewe kitu kidogo anachokipenda, mathalani kipande cha dagaa mkavu asiyetiwa chumvi. Tuzo ije ndani ya sekunde chache. Ikichelewa mpaka arudi bandani, yeye ataelewa kuwa ametuzwa kwa kurudi.

Adhabu ndiyo sehemu ambapo mafunzo mengi huharibika. Kumpiga kilebu, kumfokea au kumsukuma pua kwenye kinyesi chake hakumfundishi alichokosea. Anachojifunza ni kuwa kujisaidia mbele ya mtu ni hatari. Kuanzia hapo atajificha nyuma ya mtungi, chini ya kitanda, au atasubiri mtu aondoke. Akikutwa katikati ya kitendo, apigiwe kofi moja la mikono hewani ili ashtuke, anyanyuliwe na kupelekwa chooni. Uchafu ukikutwa baadaye, usafishwe tu, na mwenye mbwa ajiulize ni wakati gani wa ratiba uliopitwa.

Wanafamilia wote wakubaliane juu ya neno, mahali na nyakati. Kilebu anayetuzwa na mama, akafukuzwa na kaka na kurushiwa mawe na watoto wa jirani hatojifunza lolote ila woga, na mbwa mwoga ndiye aumaye.

Hatua ya tatu: kutoka nje

Kilebu akishazoea choo cha ua na kukamilisha chanjo zake, sinia lisogezwe kidogo kidogo kuelekea mlangoni, hatua moja au mbili kwa siku, kisha nje ya mlango, na hatimaye mpaka pembe ya shamba iliyochaguliwa. Asiyekuwa na haraka hufika. Akianza kukosea tena, sinia lirudishwe hatua moja nyuma na wiki irudiwe.

Mahali pa nje pachaguliwe kwa makini. Pawe ndani ya eneo la mwenye mbwa, mbali na njia ya watu, msikiti, skuli, jiko na mahali watoto wanapochezea. Pawe angalau mita 30 kutoka kisimani, na upande wa chini kuliko kisima. Pale ambapo ardhi ni ya mawe yenye nyufa na udongo ni haba, maji ya mvua hupenya haraka na kubeba uchafu, hivyo umbali uongezwe zaidi. Wanaoishi karibu na mikoko au ufukwe wasiugeuze kuwa choo cha mbwa, kwani wako wanaotembea humo peku wakitafuta chaza na pweza.

Mbwa aliyekwisha kufuzu ambaye ghafla anaanza kukojoa ovyo huenda ni mgonjwa. Maradhi ya njia ya mkojo huweza kuanza kwa dalili kama hizo, na dawa yake ni kumwona afisa mifugo, si kumrudi.

Kinyesi kiondolewe kila siku

Kisiwa cha Pemba kimekuwa kikipambana na minyoo ya binadamu na kichocho kwa miaka mingi, na Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri iliyopo Chake Chake imefanya sehemu kubwa ya utafiti huo tangu mwaka 2000. Minyoo ya mbwa ni ya jamii nyengine, na dawa wanazopewa watoto maskulini hazizuii mayai yake kujaa katika mchanga wa uani. Vilebu wengi huzaliwa wakiwa nayo tayari, wakiwa wameipata kwa mama yao.

Aina mbili ndizo zinazofaa kujulikana. Ya kwanza ni minyoo mikubwa ya mviringo, ambayo mayai yake hutoka na kinyesi. Mayai hayo huhitaji muda, kwa kawaida wiki 2 hadi 4 udongoni, kabla ya kuweza kumwambukiza mtu. Mtoto akiyameza kwa mikono michafu, viluwiluwi vyake huweza kusafiri mwilini na hata kudhuru jicho. Ya pili ni safura ya mbwa, ambayo viluwiluwi vyake hukua kwa siku chache katika mchanga wenye joto, unyevu na kivuli, kisha hupenya ngozi ya mguu usio na kiatu na kuacha mstari mwekundu unaowasha na kutambaa.

Hapa ndipo faida ya choo kimoja inapoonekana. Kinyesi kilicho mahali pamoja huokotwa kwa dakika moja, kabla mayai hayajawahi kukomaa. Kilichotapakaa shamba zima hakiokotwi na yeyote, na mayai ya minyoo mikubwa huweza kubaki hai udongoni kwa miaka. Kiokotwe kila siku kwa koleo au mfuko wa plastiki uliovaliwa mkononi, kifukiwe katika shimo lenye mfuniko, na mikono ioshwe kwa sabuni. Kisitiwe katika mbolea ya mchicha, bamia wala mboga nyengine, maana mboji ya kawaida haiui mayai hayo. Kilebu apewe dawa ya minyoo tangu wiki 2, kila baada ya wiki 2 hadi afike wiki 12, kisha kila mwezi mpaka miezi 6, kwa kipimo kinachotolewa na afisa mifugo kulingana na uzito. Kwa mbwa mdogo kosa la kipimo ni hatari, hivyo asikadiriwe kwa macho.

Chanjo ni sehemu ya mafunzo

Pemba ina historia inayopaswa kukumbukwa na kila anayechukua kilebu. Mnamo mwaka 2010 kisiwa kilikuwa na minyororo 5 ya maambukizi ya kichaa cha mbwa. Kampeni za kuchanja mbwa kisiwa kizima zilipoimarishwa, mnyororo mmoja baada ya mwengine ulikatika, na ilipofika Mei 2014 yote ilikuwa imekwisha. Kisha uchanjaji ukalegea. Mwishoni mwa mwaka 2016 ugonjwa uliingizwa tena kisiwani mara 2, ukaenea, na ukahitaji kampeni mpya ya kisiwa kizima mpaka ukatokomezwa Oktoba 2018.

Funzo la miaka hiyo ni wazi: bahari peke yake haitoshi kukinga kisiwa, na mbwa mmoja aliyepakiwa chomboni bila chanjo anaweza kurudisha msiba. Kilebu mdogo ni rahisi kubebwa katika kikapu kutoka Tanga, Dar es Salaam au Unguja, na ndiyo sababu anayetaka kumleta awasiliane kwanza na maafisa wa mifugo, amchanje, na awe na cheti chake kabla ya safari.

Chanjo ya kichaa hutolewa kilebu akiwa na miezi 3 na kurudiwa kama atakavyoelekeza mtaalamu. Kampeni ya pamoja inapofika shehiani, vilebu wa umri wowote wapelekwe, kwani Shirika la Afya Duniani linaelekeza kuwa angalau asilimia 70 ya mbwa wachanjwe ili maambukizi yakatike. Mbwa aliyezoea kamba, mkono wa mtu na ratiba ndiye anayefikishwa kituoni bila tabu. Mbwa anayezurura hukimbia, hubaki bila chanjo, na hupunguza kinga ya wote.

Mtu yeyote akiumwa au kukwaruzwa na mbwa, hata kilebu wa nyumbani, aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo ili apewe chanjo. Dalili za kichaa zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Kabla ya hapo chanjo humwokoa. Mbwa mpole anayegeuka mkali ghafla, anayetokwa na mate mengi, anayeshindwa kumeza au kutembea akiyumba, asiguswe. Sheha na afisa mifugo wapewe taarifa mara moja.

Kwa ufupi kwa mwenye kilebu

- Achague choo kimoja na asikibadilishe ovyo.
- Amtoe kilebu akiamka, akishakula, akishacheza na kabla ya kulala.
- Atuze papo hapo, asipige.
- Aondoe kinyesi kila siku na kukifukia mbali na kisima.
- Ampe dawa ya minyoo na chanjo kwa wakati.
- Asimwachie mbwa kuzurura.

Wakaazi wa Wingwi Mapofu, Wingwi Mjananza, Wingwi Mtemani na Wingwi Njuguni wanaohitaji ushauri juu ya dawa za minyoo, chanjo au kuingiza mbwa kisiwani wanaweza kuanzia kwa sheha wa shehia yao, ambaye atawaelekeza kwa afisa mifugo. Samaki hukunjwa angali mbichi: miezi michache ya uangalifu kwa kilebu humpa mwenye nyumba mlinzi mtiifu kwa miaka mingi, na humpa jirani njia safi ya kupitia.